Shajara: kuziba tundu la paa la kempa yangu, Chake Chake

Gari yenyewe ni Toyota Hiace ya mwaka 1997, imekuja kutoka Japani ikiwa tayari kempa, yani ndani ina kitanda, kabati la vyombo, sinki dogo na jiko la gesi, alafu paa lake limenyanyuliwa kwa faiba ili mtu aweze kusimama wima. Mie kazi yangu kufunga umeme wa sola vijijini, leo niko Konde kesho Kiwani keshokutwa Micheweni, gari hii ndo inabeba vifaa na ndo nnamolala kazi ikiniweka mpaka usiku. Kwahiyo paa likivuja kwangu si suala la urembo, chini yake mna betri, inveta na godoro.

Tundu limepatikana msimu wa karafuu uliopita. Nilikuwa naingia njia nyembamba ya shamba, tawi la mwembe likaikamata antena ya zamani ya tivii iliyofungwa juu ya paa tangu huko ilikotoka, nikasikia kraaa, kushuka naikuta antena imelala na braketi yake na juu ya paa pamebaki tundu kama sarafu ya shilingi 200 na nyufa zimetawanyika pembeni yake kama miguu ya buibui. Mvua ilikuwa inakuja siku ile ile. Fundi mmoja akanipakia silikoni nyeupe akaisawazisha kwa kidole, nikamlipa nikaondoka. Ilishika kama miezi miwili hivi. Vuli ilipokolea nimelala Micheweni, saa nane za usiku tone likaniangukia shingoni, nawasha taa naona maji yanatokea pale pale kwenye taa yenyewe, hatua nzima mbele ya tundu. Hapo ndo nikajua kuwa hii kazi inataka kufanywa kweli, na inataka kumalizwa kabla ya masika.

Jumamosi ya kwanza

Nimetoa godoro, betri na kila kitu, nikaanza kufungua dari. Dari ni plaiwudi ya milimita 3 iliyovishwa ngozi ya plastiki rangi ya maziwa, imeshikwa na skrubu ndogo ndogo. Nilitegemea doa. Nimekuta kipande cha kama sentimita 40 kwa 30 kimeoza, bisibisi inazama kama kwenye mkate wa kumimina, na sponji iliyokuwa juu yake nimeikamua yakatoka maji ya rangi ya chai. Harufu ya ukungu ilinikaa puani mpaka magharibi. Waya wa taa umeota kutu ya kijani kwenye maungio, nimeukata wote ule ulioharibika, mana maji na umeme hata wa volti 12 sikai navyo chumba kimoja.

Alasiri akaja ami yangu. Ami ni fundi wa vyombo vya baharini, kaanza na mbao na kalafati kule pwani ya Wesha, saivi kazi nyingi anayopata ni boti za faiba za wavuvi na za wakulima wa mwani.

"Shkamoo ami."

"Marhaba. Hili ndo tundu lenyewe?"

"Ndo hilo, lakini maji yanatokea kule kwenye taa."

"Bas leo usishike faiba. Yatafute maji kwanza yanaingilia wapi, sisi boti matangi yake ya hewa twayapima kwa povu, na hii gari ni tangi tu."

Tukafunga milango na vioo vyote, nikaweka feni ya gari mwisho kabisa ikivuta hewa ya nje, ili ndani ijae na hewa itafute pa kutokea. Juu ya paa nikapaka maji ya sabuni kwa brashi pana, taratibu, kipande kwa kipande. Wallahi nimefurahi kama mtoto. Kwenye ukingo wa silikoni povu likaanza kupumua, hapo tulitegemea, lakini sentimita 20 mbele yake vikatokea viputo viwili vidogo mahala ambapo kwa macho hapana kitu. Kukwangua rangi, kumbe ni matundu mawili ya skrubu za braketi ya pili ya ile antena, mtu alizitoa zamani akapaka rangi juu yake bila kuziba. Yani hata lile tundu kubwa lingezibwa vizuri vipi, hii gari ingeendelea kuvuja.

Na suala la taa nalo likafahamika. Chini ya faiba mna mbavu za mbao zilizofunikwa, zinapita kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili na moja inakwenda mbele. Maji yakiingia kwenye skrubu hayadondoki, yanaambaa na ubavu mpaka yapate pa chini kuliko pote ndo yadondoke. Sasa Pemba hapa ni milima na mabonde, uwanja wangu wa Machomane wenyewe umeteremka, gari ikikaa pua chini maji yanakwenda mbele kwenye taa, ikikaa kinyume yanarudi nyuma kabatini. Ndo mana siku nyingine nilikuwa naona kavu nikadhani imepona. Kama gari yako inavuja na hujui wapi, angalia kwanza ulivyoiegesha.

Nimepiga duara la chaki kila penye povu, ndani na nje.

Jumapili

Siku nzima ya silikoni. Hii nataka niieleze vizuri mana ndo iliyonichosha kuliko yote. Silikoni ikishakauka haishikani na kitu kinachopakwa juu yake baadae, rezini (yale maji mazito yanayoganda na nyuzi kuwa faiba) haiikubali, rangi haiikubali, hata silikoni mpya juu ya silikoni kongwe haishiki inavyotakiwa. Na kosa ambalo ningelifanya kama ami hakunikataza ni kuchukua msasa moja kwa moja. Ukisugua kwa msasa unaisambaza, unaipaka kila pahala na kuisukumia ndani ya mikwaruzo, alafu rangi unapopaka inakukimbia inafanya macho ya samaki.

Kwahiyo mpango ni huu, kwanza wembe, nimekwangua mpaka mkono umekufa ganzi, alafu kitambaa na asitoni, kitambaa kipya kila mara, unafuta upande mmoja tu hurudi nyuma, ukiona bado panateleza kidoleni unarudi kwenye wembe. Nimetumia fulana tatu kuukuu. Baada ya hapo ndo msasa uruhusiwe. Silikoni kwa sinki la jikoni sawa, kioo cha choo sawa, lakini juu ya paa la faiba mie sitaki kuiona tena.

Jumatatu mpaka Jumatano

Kukausha. Feni ya nyumbani ndani ya gari mchana kutwa, milango wazi, kaskazi inasaidia mana upepo ni mkavu. Usiku nafunika turubai. Jumanne usiku nimebandika karatasi ya nailoni kwa tepu juu ya ule ubavu ulioloa, asubuhi nikaona matone chini ya nailoni, bado. Jumatano usiku nikarudia, Alhamisi asubuhi kavu. Ukungu nimeufuta kwa siki.

Alhamisi

Leo nimekata. Kabla ya kukata nimegonga paa kwa sarafu kuzunguka tundu lote, penye uzima sauti inalia kali, penye faiba iliyoachana sauti inakuwa nzito ya kufa, nikachora mstari pale sauti inapobadilika. Mstari umetoka mkubwa kuliko nilivyodhani, kipenyo sentimita 6 kwa tundu la sentimita 2 na nusu. Nikakata kwa grainda kufuata mstari, nyufa zote zikaondoka na kile kipande.

Mke wangu katoka na chai akaona akasema, "Baba watoto, tundu la sarafu umelifanya la kisahani?" Ndo hivyo inavyotakiwa, kiraka hakiwezi kushikilia kwenye faiba iliyokwisha kupasuka, lazima kishike penye uzima.

Alafu kuchonga mteremko. Faiba ya paa langu ina unene wa milimita 4, na kanuni ya mafundi boti ni mteremko wa mara 12 ya unene, kwahiyo ni kama sentimita 5 kuzunguka tundu zima. Ukingo wa tundu unakuwa mwembamba kama karatasi na unapanda polepole mpaka unene kamili. Sababu ni kwamba rezini ya kawaida ikimwagwa juu ya faiba kongwe haichanganyiki nayo, inashikilia ile mikwaruzo tu, kwahiyo unataka eneo kubwa la kushikana. Msasa namba 40 kwa mteremko, na nje yake 80. Miwani, barakoa, glavu, mikono mirefu, na bado vumbi la faiba limenipata shingoni nikawashwa usiku kucha. Koga kwa maji baridi kwanza, ya moto yanazidisha.

Yale matundu mawili ya skrubu nimeyapanua juu kwa drili kidogo yawe kama faneli.

Ijumaa

Imeharibika. Nimetoka msikitini nikapanda juu moja kwa moja, jua la saa nane, paa huwezi kuweka kiganja. Nikachanganya rezini gramu 200 kwenye kikombe kirefu na hadina, yani dawa ya kuigandisha, asilimia 2 kama nilivyozoea kusikia. Sijafika kipande cha pili cha mati (kitambaa cha nyuzi za kioo), kikombe kikaanza kuwa kizito kama uji wa muhogo, dakika chache mbele kimegeuka jeli, kikachemka na kutoa moshi mkononi, nikakitupa mchangani. Kilichokwisha kupakwa nikakibandua chote na kusugua upya, nusu siku imekwenda.

Nimekaa na ami jioni tukalizungumza. Rezini inapoganda inatoa joto lake yenyewe, na joto hilo linaiharakisha zaidi, ikiwa nyingi na iko kwenye chombo kirefu joto halina pa kwenda. Ukiongeza na jua letu ndo bas. Kwa joto la huku asilimia 1 inatosha, chini ya hapo usishuke mana inaweza isikauke kabisa ikabaki inanata maisha. Na changanya kidogo kidogo, kwenye sahani pana badala ya kikombe.

Jumamosi ya pili

Asubuhi nilitaka kuanza baada ya alfajiri, nikapanda nikakuta paa limelowa umande. Maji ni adui wa hii kitu kwahiyo nikaacha. Nikafunga turubai juu kwenye mti wa mfenesi na nguzo mbili tangu saa nne ili paa lipoe kivulini, nikaanza baada ya sala ya alasiri. Huo ndo wakati wake, jua limelegea na umande bado.

Ndani nimeweka kipande cha fomeka kilichovikwa nailoni, kikaziba tundu kwa chini na kuegemezwa na fimbo kutoka sakafuni, ili mati zisidondokee ndani. Mati nimetumia ya gramu 450 kwa mita ya mraba, moja ikishalowa rezini na kukandamizwa inatoa kama milimita 1, kwahiyo nne. Nimezikata duara, kipenyo 16, 13, 10 na 7.

Hapa mie na ami tumebishana kwa heshima. Yeye kwenye boti anaanza na ndogo anamalizia na kubwa, anasema ndo alivyofunzwa na inajaza shimo vizuri. Mie nimeanza na kubwa. Hoja yangu ni kwamba ile kubwa inagusa mteremko wote wa faiba kongwe kwa mara moja, ndo inayobeba mshiko, na mwisho ukisugua kusawazisha unapunguza zile ndogo za juu tu, ile ya mshiko huigusi. Ukimaliza na kubwa, ukisugua kingo zake unakata nyuzi zile zile zinazoshika. Ami akanisikiliza akasema, "Gari yako, kiraka chako," akashika brashi akanisaidia.

Hesabu ya rezini, mati zote nne uzito wake ni kama gramu 20, na mati inataka rezini mara mbili mpaka mara mbili na nusu ya uzito wake, kwahiyo gramu 50 na za kupaka chini kwanza. Nimechanganya gramu 100, hadina mililita 1 nimeipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hadina ikiingia jichoni inapofua, kwahiyo miwani nimeivaa kabla ya kufungua chupa na mtoto nikamwambia ashuke kwenye ngazi aende mbali.

Paka rezini kwenye mteremko, laza mati, gonga kwa ncha ya brashi, usiburute mana nyuzi zinakufuata. Mati nyeupe ikilowa inageuka kama kioo, penye weupe bado pana hewa, unaifukuza kwa rola ndogo ya chuma kutoka katikati kwenda nje. Nne zote zimekwisha kabla rezini haijaanza kuvuta. Matundu ya skrubu nimejaza rezini iliyochanganywa na nyuzi za mati zilizokatwa fupi fupi.

Isha nimepanda na tochi, ngumu, imelia kali nilipoigonga kwa sarafu. Alhamdulillah.

Jumapili

Ndani nimetoa fomeka, nikasugua, nikaweka mati moja ya gramu 300 kwa chini na kuufunga ule ubavu wa mbao kwa rezini. Kupaka juu ya kichwa ni tabu, inadondoka kwenye kofia na mkono, chukua rezini kidogo kwa brashi.

Jumatatu

Nimesugua nje mpaka mkono ukipita hausikii kiraka. Pati ya gari nilikuwa nayo ndani lakini sikuitumia mana inanyonya unyevu ikiachwa bila kufunikwa, vishimo vidogo nimejaza jelikoti yenyewe, yani ile ngozi ya nje ya faiba inayong'aa. Jelikoti niliyoagiza mjini Unguja, ikaja na meli, haina nta ndani yake, na jelikoti isiyo na nta juu yake inabaki inanata kwa sababu hewa inaizuia kukauka. Dawa ni kuifunika, nimepaka nene kidogo nikalaza karatasi ya nailoni nyororo juu na kutoa hewa kwa kiganja. Kesho yake nimebandua, inang'aa. Rangi haikulingana, paa limezeeka limekuwa la rangi ya pembe za ndovu na kiraka ni cheupe, mie yanitosha.

Jumatano

Dari. Plaiwudi mpya ya milimita 3, nimepaka rezini nyembamba pande zote mbili na hasa kingo, mana maji yanaanza kula plaiwudi kwenye kingo. Kipande kilichooza nimekikata mpaka penye uzima, nikaweka vijiti nyuma ya maungio vya kushikia skrubu. Sponji ya zamani sikuirudisha. Ile inanyonya maji na kuyaficha, unaweza kukaa miezi hujui. Nimetia sponji ya aina ya champali ambayo hainyonyi.

Kitu kimoja nimeongeza ambacho hakikuwepo. Karibu na taa nimeacha kidirisha cha sentimita 15 kwa 15 kinachofunguka kwa skrubu nne, ili niuone ule ubavu wakati wowote bila kubomoa dari. Waya mpya wa taa, maungio nimeyatia mpira wa kubana kwa moto.

Antena sirudishi. Na paneli ya sola niliyokuwa nimeipanga juu ya paa nitaigandisha na braketi za kubandika kwa gundi ya Sikaflex, bila tundu hata moja.

Jumamosi ya tatu

Nimejaribu kwa mpira wa maji nusu saa, kwanza gari pua chini, alafu nikaigeuza pua juu nusu saa nyingine. Ndani nimeuchora ule ubavu mistari ya chaki, chaki ikiguswa na maji inaonesha hapo hapo. Mistari kavu. Lakini mpira wa maji si mvua ya upepo, kwahiyo betri sikuirudisha, godoro pia.

Alhamisi, wiki mbili baadae

Imenyesha. Imeanza baada ya isha, mvua ya kwanza kubwa ya mwaka, ile inayokuja na upepo kutoka kusini na kupiga mabati mpaka hamsikilizani ndani ya nyumba. Nimetoka na mwavuli nikaingia kwenye gari nikalala juu ya mkeka mtupu, nikazima taa ili nisikilize. Juu ya paa ngoma, ndani kimya. Saa tisa nikafungua kidirisha kwa tochi, chaki iko vile vile. Maji niliyoyaona ni kidogo tu chini ya mpira wa mlango wa nyuma, mpira umekakamaa unataka kubadilishwa, nayo ni kazi yake mbali.

Asubuhi ami kapita anakwenda Wesha, kaingiza kichwa akaangalia juu, akapitisha kidole kwenye ubavu akakitazama.

"Kavu," akasema.

Nimerudisha betri na inveta mahala pake. Godoro liko juani. Jumanne nakwenda Kiwani.